Mfanyakazi wa jamii akibisha hodi: sheria inamruhusu nini, inamkataza nini?



Sisi wahamasishaji wa afya tunapopita na ule mkanda wa kupima mikono ya watoto, ziko nyumba ambazo tukifika mlango unafungwa. Mtoto yumo ndani, tunamsikia akikohoa, lakini tunajibiwa kuwa amekwenda kwa shangazi yake. Siku nyingine, kwenye bomba la maji ambako watu huongea kwa uhuru, mama huyo huyo anasema ukweli: "Mkimkuta amekonda mtaniandika, kisha watu wa sosiali watakuja kuninyang'anya mtoto."

Hofu hii ni ya hatari sana. Mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5 ambaye mkono wake uko chini ya sentimita 11.5, yaani mkanda umeonyesha rangi nyekundu, ana utapiamlo mkali. Kuhara au malaria ambayo mwenzake angeipona inaweza kumuua yeye. Anatakiwa aanze matibabu haraka, siku hiyo hiyo ikiwezekana, siyo kufichwa nyuma ya pazia. Ndiyo maana katika toleo hili nimeomba nafasi ya kuandika juu ya sheria badala ya kuandika juu ya uji. Mimi si mwanasheria, nimemaliza sekondari tu. Lakini sheria zenyewe zimeandikwa, na mtu yeyote anaweza kuelezwa zinasema nini.

Watu wa sosiali ninaowazungumzia ni wale wafanyakazi wa jamii wanaofuatilia watoto na familia kambini: anayekuja na daftari, anayeuliza baba yuko wapi, anayeomba aongee na mtoto peke yake. Wengi wanadhani anauliza kwa udaku, au anagawa msaada kwa kupenda kwake. Ukweli ni kwamba karibu kila anachokifanya kimeagizwa na sheria fulani, na mengi asiyoyafanya amekatazwa.

JE, WANAWEZA KUNICHUKULIA MTOTO KWA SABABU SINA KITU?

Hapana. Tuanze na hilo kwa sababu ndilo linalofunga milango.

Burundi iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990. Kifungu cha 9 cha mkataba huo kinasema mtoto hatatenganishwa na wazazi wake bila ridhaa yao, isipokuwa mamlaka zenye uwezo zimeamua kufuatana na sheria kwamba ni lazima kwa faida ya mtoto, na uamuzi huo lazima uweze kupelekwa mbele ya mahakama. Mfanyakazi wa jamii si mahakama. Hawezi kuingia kwako akambeba mtoto kama anayebeba kuku. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2009 juu ya malezi ya watoto unaongeza jambo ambalo kila mama kambini angelijua: umaskini peke yake si sababu ya kumwondoa mtoto kwa wazazi wake. Ni ishara kwamba familia hiyo inahitaji kusaidiwa.

Kwa hiyo mkanda ukionyesha nyekundu na mfanyakazi wa jamii akaitwa, anakuja kutafuta sababu. Pengine kadi ya mgao imepotea. Pengine mama ana mimba nyingine na mtoto ameachishwa ziwa mapema. Pengine, na hili tunaliona mara nyingi kuliko linavyosemwa, mgao umepokewa na baba akauuza nusu njiani. Kila sababu ina dawa yake, na hakuna dawa hata moja kati ya hizo inayoanza kwa kumchukua mtoto.

Inaweza kutokea siku mtoto akatolewa nyumbani? Ndiyo. Mtoto anapigwa hadi kuumia vibaya, ananajisiwa na mtu wa nyumba hiyo, au ametelekezwa kabisa. Hata hapo jambo la kwanza linalotafutwa ni bibi, mjomba, dada mkubwa, mtu wa ukoo anayeweza kumlea.

SHERIA IPI, YA KWETU AU YA HAPA?

Utasikia wazee wakisema: sisi ni Wakongomani, mambo ya watoto wetu tunayamaliza sisi kwa sisi. Ninawaheshimu wazee, lakini mkimbizi analindwa na nchi aliyokimbilia na pia anafuata sheria zake. Burundi iliingia katika Mkataba wa Geneva wa 1951 juu ya wakimbizi mwaka 1963, na tarehe 13 Novemba 2008 ikatunga sheria yake yenyewe juu ya hifadhi na ulinzi wa wakimbizi. Serikali inatushughulikia kupitia ONPRA, ikishirikiana na HCR. Mambo ya kuzaliwa, kuoa na kulea yamo katika Kanuni ya Watu na Familia ya mwaka 1993.

Na usidhani kwamba ulipovuka mto Rusizi uliingia katika sheria ngeni kabisa. Kongo nayo iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka huo huo wa 1990, na mwaka 2009 ikatunga sheria yake ya kulinda watoto. Sehemu kubwa ya yale unayoambiwa hapa ungeambiwa pia Uvira au Bukavu.

MTOTO ULIYEMSHIKA MKONO NJIANI

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo palipo na matatizo mengi.

Tuseme ni Februari 2025, watu wanavuka kuingia Burundi kwa makumi ya maelfu. Katika vurugu hiyo ukamwona mtoto wa jirani amepotezana na mama yake, ukamshika mkono. Mkafika, pengine kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo, mkasubiri, mkaandikishwa. Karani akauliza: na huyu? Ulikuwa umechoka, foleni ni ndefu, ukaona njia fupi ni kusema: ni mwanangu.

Ulisema hivyo kwa huruma. Lakini angalia kinachofuata. Mama yake yuko hai, amefikia sehemu nyingine. Anakwenda kwa Msalaba Mwekundu, anataja jina la mtoto, jina la baba, kijiji, umri. Wanatafuta kwenye orodha ya watoto waliopotezana na wazazi. Mtoto hayumo, kwa sababu kwenye karatasi yeye si mtoto aliyepotea, ni mwanao. Mnaweza kukaa kambi mbili zisizo mbali miaka mitatu bila mama yule kujua mtoto wake anakula wapi.

Kifungu cha 22 cha Mkataba wa Haki za Mtoto kinazitaka serikali na mashirika kumsaidia mtoto mkimbizi kuwatafuta wazazi wake. Ndiyo kazi iliyomleta mfanyakazi wa jamii kwako na maswali yake yote. Anataka majina ya wazazi na hata majina ya utani, jina la kijiji na la shule au kanisa la karibu, mahali mlipoonana na mama yake mara ya mwisho, alama ya mwilini. Mtoto mdogo anasahau upesi. Baada ya miezi sita anaweza kukumbuka jina la mbuzi wa kwao na asikumbuke jina la baba. Kwa hiyo maswali yaulizwe mapema.

Je, ukisema ukweli sasa utaadhibiwa kwa kusema uongo mwanzoni? Wafanyakazi wa jamii wanajua mazingira tuliyotokea. Wanachotaka ni karatasi isahihishwe. Kusema ukweli hakumwondoi mtoto kwenye hesabu ya chakula. Anaandikwa kama mtoto anayelelewa katika kaya yako, na kaya yako inatembelewa mara kwa mara. Kutembelewa huko kunawakera baadhi ya walezi, naelewa. Mtu amejitolea sahani yake, halafu anakuja kijana mwenye daftari kuuliza kama mtoto analala kwenye godoro au chini. Lakini wapo pia wanaochukua watoto ili wapate wa kuteka maji na kuchunga wadogo huku wa kwao wakienda shule. Bila kutembelea, nani atawajua?

Wengine wanauliza: huyu mtoto hana mtu, nimemlea mwaka mzima, kwa nini nisipewe karatasi awe wangu moja kwa moja? Kwa Burundi, kumfanya mtoto kuwa wako kisheria ni jambo la mahakama, na sheria yake ni ya mwaka 1999. Kwa watoto wakimbizi mashirika yanafuata kanuni kwamba wazazi na ndugu watafutwe kwanza kwa muda wa kutosha, kwa kawaida miaka miwili angalau. Ukanda wetu huu umeshaonja ubaya wa haraka. Mwaka 1994 watoto zaidi ya 100,000 waliandikishwa kuwa wametengana na wazazi katika misukosuko ya Rwanda na nchi za jirani. Makumi ya maelfu yao baadaye walipatikana kuwa na ndugu hai na wakarudishwa kwao. Lakini wapo watoto waliokuwa wamepelekwa Italia kwa usalama wao, na baadhi wakapewa familia za kule kwa uamuzi wa mahakama, huku ndugu zao Rwanda wakiwa hai na wakiwadai. Mfanyakazi wa jamii anapokwambia "tusubiri kwanza", anafikiria mambo kama hayo.

Kuna maamuzi ambayo hata mkubwa wake hawezi kuyafanya peke yake. Kwa mfano, mtoto huyo aende na familia yako nchi ya tatu, au arudishwe kwa baba ambaye mtoto anamwogopa. Hapo wanakaa watu kadhaa wa ofisi mbalimbali, wanasoma faili, wanapima lipi lina faida kwa mtoto mwenyewe. Ndiyo sababu mtoto anaulizwa maoni yake, tena peke yake. Kifungu cha 12 kinampa haki ya kusikilizwa kulingana na umri na akili yake. Mbele yako, mtoto mwenye adabu atasema unachotaka aseme.

Na kuna wageni wanaokuja kambini wakisema wanatafuta binti wa kusaidia kazi za nyumbani mjini Bujumbura, mshahara mzuri, atasoma jioni. Usimtoe mtoto kwa mtu wa namna hiyo, wako au wa kulea, kabla ya kuuliza ofisi. Burundi ina sheria ya kuzuia biashara ya watu tangu Oktoba 2014, na biashara hiyo mara nyingi inaanza kwa maneno matamu kama hayo.

KARATASI YA HOSPITALI SI CHETI CHA KUZALIWA

Mama akijifungua kituoni anapewa karatasi inayoonyesha siku na saa, uzito, na jina la mama. Wengi wanaiweka kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya chanjo wakiamini kazi imekwisha. Haijaisha. Karatasi ile ni ushahidi wa kupeleka komini, kwenye ofisi ya etasivili, yaani ofisi inayoandika vizazi, ndoa na vifo. Cheti cha kuzaliwa kinatoka huko. Kanuni ya 1993 inatoa siku 15 tangu mtoto azaliwe. Ukichelewa, mambo yanakuwa magumu na unaweza kuhitaji hukumu ya mahakama ili mtoto aandikwe. Tena kumbuka kwamba mwaka 2025 Burundi ilipunguza mikoa kutoka 18 hadi 5, na komini kutoka 119 hadi 42. Ofisi uliyomwandikishia mtoto wa kwanza huenda si hiyo tena. Uliza kabla ya kufunga safari na kitoto mgongoni.

Nimesikia baba mmoja akikataa kata kata: "Wakimwandika hapa atakuwa Mrundi, siku ya kurudi watamkatalia kwetu." Sivyo. Burundi haitoi uraia kwa sababu mtu amezaliwa katika ardhi yake. Inafuata wazazi, hasa baba. Na sheria ya uraia ya Kongo ya tarehe 12 Novemba 2004 inasema mtoto ni Mkongomani ikiwa baba au mama yake ni Mkongomani, popote alipozaliwa. Cheti cha Burundi kinasema tu: mtoto fulani, wa mama fulani na baba fulani, alizaliwa mahali fulani siku fulani. Hicho ndicho kitakachokusaidia kwenu kuthibitisha kwamba ni wako. Asiye na cheti ndiye atakayepata shida mpakani.

Kazi ya mfanyakazi wa jamii inategemea sana tarehe iliyo kwenye cheti hicho. Sheria ya adhabu ya Burundi inasema mtoto chini ya miaka 15 hawezi kushtakiwa kama mhalifu. Kijana wako wa miaka 14 akikamatwa sokoni kwa tuhuma ya kuiba simu, na amerefuka kuliko wenzake, polisi wataamini nini? Cheti kikiwepo, mfanyakazi wa jamii ana kitu cha kuweka mezani. Kisipokuwepo, analo neno lako tu.

BINTI WA MIAKA 15 NA MAHARI ILIYOKWISHA PANGWA

Burundi inaruhusu msichana kuolewa kuanzia miaka 18 na mvulana kuoa kuanzia 21. Kongo nayo, chini ya 18 hakuna ndoa. Mkataba wa Afrika juu ya haki za mtoto, ambao Burundi iliuridhia mwaka 2004, unakataza ndoa za watoto katika kifungu cha 21. Kwa hiyo mfanyakazi wa jamii akisikia mahari imepangwa kwa binti wa miaka 15, hana ruhusa ya kukaa kimya hata kama wazazi wote wawili wamekubali na binti naye anatabasamu. Sisi wa afya tuna sababu yetu ya kumuunga mkono. Binti wa umri huo anapozaa, nyonga bado haijakomaa, uchungu unachukua siku mbili, na baadhi wanatoka wakiwa na fistula, mkojo unavuja bila kukoma.

Ubakaji ni jambo jingine ambalo familia hupenda kulimaliza kwa mbuzi na mikeka ya mazungumzo. Huo ni uhalifu, umo katika sheria ya adhabu na katika sheria ya Septemba 2016 juu ya ukatili wa kijinsia. Lakini nataka ukumbuke saa kabla ya vifungu. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinaanzwa ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Dawa ya kuzuia mimba inafanya kazi ndani ya siku 5. Mlete mtoto kwanza kituo cha afya, bila kumwosha ikiwezekana, na nguo alizovaa zifungwe kwenye karatasi, si kwenye plastiki. Akina mama wanaoishi Bujumbura mjini wanaweza pia kwenda kituo cha Seruka, kilichoanzishwa mwaka 2003 kwa ajili ya waliobakwa. Wazee wakitaka kukaa, wakae baadaye, mtoto akiwa ameshameza dawa.

ANAYOYAFICHA NA ASIYOYAFICHA

Mambo ya faili lako ni siri. Mfanyakazi wa jamii haruhusiwi kuyasimulia kwa jirani, kwa mkuu wa bloku wala kwa mchungaji. Kabla ya kupeleka habari zako ofisi nyingine anapaswa kukueleza anapeleka nini na kwa nani, na kukuomba ridhaa. Ila kuna siri ambayo hawezi kukuahidi: maisha ya mtoto yakiwa hatarini, atamwambia anayeweza kumwokoa. Mwaminifu anakwambia hivyo mwanzoni, kabla hujaanza kueleza. Akikuahidi kwamba hatamwambia mtu yeyote kamwe, huyo hajafundishwa vizuri.

Huduma yake ni bure. Akikuomba pesa, simu, mgao wako au kitu kingine ili jina la mtoto liingie kwenye orodha fulani, sema hapana na ukaripoti. Una haki pia ya kuuliza yeye ni nani, ametumwa na shirika gani, na faili lako limefikia wapi. Mama anaweza kuomba aongee na mfanyakazi mwanamke. Asiyejua kusoma asiweke kidole kwenye karatasi kabla haijasomwa kwa sauti kwa lugha anayoielewa. Malalamiko yanapelekwa kwa ONPRA au HCR, kwa mdomo au kwenye sanduku lao, na si lazima uandike jina.

Upimaji wa mikono unaendelea bloku kwa bloku. Njoo na kadi ya chanjo ya kila mtoto na ile karatasi ya hospitali ikiwa bado hujakwenda komini, tukuangalie kama siku 15 hazijapita. Na kama kuna mtoto unayemlea ambaye hayumo kwenye kadi yako, njoo naye pia, apimwe kama wengine.